Tumbo la Fundi na Futi ya Jumapili

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimetukanwa na daktari. Kwa lugha laini, lakini nimetukanwa.

Nilikwenda kuonyesha goti. Goti tu! Binti wa watu akaliacha goti, akanifunga kitambaa mkononi, akakijaza upepo mpaka vidole vikafa ganzi, akatazama mashine yake, akaguna. Akajaza tena. Akaguna tena. Halafu akatoa futi akanizungushia kiunoni. Mimi! Fundi cherehani niliyepima viuno vya mtaa mzima! Na futi yenyewe aliishika kama mtu aliyeokota nyoka. Inchi arobaini na nne, akasema. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba amepima juu ya shati. Akasema ni shati zuri, lakini halina unene wa kiasi hicho.

Ikafuata hotuba. Eti mafuta ya tumboni hayakai tumboni peke yake, yanaubana na moyo. Eti chumvi inapandisha presha, soda ni sukari tupu, na vya kukaanga vinaziba mishipa polepole bila hodi. Akauliza kazi yangu ni ya namna gani. Nikasema ya kukaa. Akauliza nikitoka kazini hufanya nini. Nikasema hukaa, kwa kuwa nimechoka. Akaandika jambo refu.

Kosa kubwa la leo: nilimchukua mke wangu anisindikize. Alisikiliza kila neno. Mwishoni akauliza kama haya ndiyo yaliyomwondoa marehemu kaka yangu, maana kaka naye alikuwa fundi, akaangukia juu ya cherehani yake akiwa na umri kama wangu. Daktari akajibu kwamba ndiyo haya haya. Njia nzima mke wangu alikuwa akilitazama tumbo langu.

Hajaelewa. Kaka alikuwa mnene. Mimi nina umbo.

Na goti bado linauma.

Jumanne, 4 Machi

Hukumu imetoka. Mke wangu aliisoma akiwa amesimama, mimi nimekaa na kikombe cha chai isiyo na sukari mbele yangu.

Kwanza, kila Jumapili atanipima kiuno kwa futi yangu mwenyewe. Pili, tarehe kumi na nne Aprili tunarudi kwa daktari. Tatu, tumbo lisipokuwa limeshuka siku hiyo, kiti changu cha dirishani atapewa mdogo wake, na mimi nitakuwa mtu wa kuwapelekea wateja nguo zao. Kwa miguu!

Kiti changu! Miaka yote hii nimekikalia. Mto wake umeshika umbo langu kiasi kwamba mtu mwingine akiukalia anapotelea ndani. Nikiwa pale naona barabara yote, naona jengo la ofisi la upande wa pili, na muhimu zaidi, naona karai la Mama Chipsi. Nalijua karai lile kwa sauti. Najua viazi vimeingia lini na vitatoka lini bila kuinua macho kwenye mshono.

Huyo mdogo wake ni shemeji yangu, anaitwa Sindano kwa sababu ndivyo alivyo. Tunashona chumba kimoja. Kila alfajiri hukimbia, bila kukimbizwa na mtu. Hunywa maji tu, kwa raha zake, na hula tunda pamoja na maganda. Aliposikia hukumu alisema hakitamani kiti hata kidogo, ila afya ya shemeji yake ikihitaji atajitolea. Unafiki ungekuwa mafuta, yeye ndiye angekuwa na presha.

Chakula cha usiku: maharage yasiyo na chumvi, na majani yaliyochemshwa mpaka yakakata tamaa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeanza mazoezi. Asije akasema mtu sikujaribu.

Nilitembea. Nilikwenda mpaka kule kona, mwendo wa haraka, mikono ikipepea kama daktari alivyoagiza. Wakati wa kurudi pumzi ikawa fupi, nikatafuta mahali pa kujishikiza. Ikatokea kwamba benchi pekee la jirani ni la Mama Chipsi. Akasema alidhani nimehama mji. Akasema viazi vya leo ni vipya. Kumkatalia mwanamke mpole namna ile kungekuwa utovu wa adabu. Nikala sahani ndogo. Ile ya pili ilikuwa ndogo zaidi.

Tumekubaliana jambo la siri. Nisitoke tena, maana Sindano ana macho. Mama Chipsi ataleta mwenyewe, kwenye mfuko wa nguo, viazi na soseji chini, suruali ya mumewe juu. Atasema ameleta suruali ya kupunguza. Nitaipeleka nyuma ya pazia la kupimia na "kuipunguza" huko huko.

Akili ninazo. Tatizo la nyumba hii ni kwamba hawazitambui.

Jumapili, 9 Machi

Kipimo cha kwanza, baada ya kifungua kinywa. Mke wangu alinisimamisha katikati ya chumba, akazungusha futi, akasoma. Akazungusha upya, akasoma tena.

Arobaini na nne na nusu.

Nikamwambia ni shati. Akaniambia sijavaa shati.

Hakugomba. Angegomba ningejua la kufanya, nina uzoefu. Alikaa kitandani akaitazama ile picha ya ukutani, kaka yangu amesimama mlangoni pa duka lake anacheka, vifungo vya shati vimevutika. Akaitazama sana. Kisha akaenda kuosha vyombo.

Sikupenda. Roho iliniuma, nakiri. Iliniuma mpaka saa sita hivi, nilipopata keki kwa jirani.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepata dawa! Nimepata dawa na sikutumia hata tone la jasho!

Nilikuwa nafikiri vibaya. Siku zote nilihangaika kupunguza kiuno. Kiuno ni kigumu, kina mizizi. Futi je? Futi ni kitambaa. Na kitambaa nikikiamuru kikae, kinakaa.

Nilichukua futi yangu ninayoning'iniza shingoni, nikachukua na nyingine kuukuu ya aina ile ile. Ile kuukuu nikaikata kipande cha inchi mbili. Yangu nikaikata katikati, nikapachika kipande, nikashona kwa uzi wa rangi ile ile, mshono mdogo ambao hata mimi nikiutafuta napata shida. Sasa futi yangu inahesabu vizuri mpaka kumi na nne, kisha inarudia kumi na tatu na kumi na nne, kisha inaendelea na safari kana kwamba hakuna kilichotokea. Nani husoma futi katikati? Watu wote husoma mwisho.

Nimejipima hapo hapo. Nimepungua inchi mbili. Mwili umekuwa mwepesi, nimeuhisi kabisa.

Futi hii nimeitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, chini ya koti, isichanganyike na ya kazi. Mimi si mtu wa kufanya mambo shaghalabaghala.

Jumatano, 12 Machi

Kazi kubwa imeingia. Walinzi wote wa jengo lile la ofisi wanataka sare mpya. Mkuu wao, ambaye kila mtu humwita Kamanda, alikuja nao wakapanga mstari mpaka nje. Wanaume wenye afya zao, wateja wakubwa wa Mama Chipsi kama mimi.

Bahati mbaya walinikuta nyuma ya pazia napunguza suruali. Sindano akawapima wote peke yake, kwa majivuno. Nilipotoka na midomo safi alikuwa ameshamaliza na kuandika. Akalalamika eti futi yake nambari zimefutika, na ya kwangu haikuwa mezani, ikabidi apekue mpaka akaokota moja nyuma ya mlango. Nikamwambia fundi mzuri hutunza vifaa vyake.

Kesho naanza kukata. Kwa rula yangu ya mbao, maana kwenye kukata sitaki mzaha.

Jumapili, 16 Machi

Arobaini na mbili na nusu!

Uso wa mke wangu ulikuwa wa kupigwa picha. Alisoma, akanitazama, akasoma tena. Nikaeleza kwa unyenyekevu kwamba nimeacha hiki na kile. Nilijikaza nisicheke.

Kisha akanikumbatia. Mbele ya mdogo wake! Jambo hili halijaonekana nyumbani humu tangu mwaka juzi. Na si kumbatio la haraka haraka, alichelewa kuniachia. Alipoachia akaitazama mikono yake kidogo, akasema hongera, kwa sauti ndogo. Furaha ilimzidi, masikini.

Mchana nilikula majani yote bila kunung'unika. Nilikuwa nimeshiba.

Ijumaa, 21 Machi

Balaa. Balaa lenye sare.

Walinzi walikuja kujaribu nguo. Wa kwanza akaingia nyuma ya pazia, akakaa muda mrefu, tukasikia kuguna, tukasikia kitu kinapasuka. Akatoka. Suruali imefika juu ya kifundo cha mguu, kifungo hakioni tundu lake hata kwa mbali. Wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu kainama kufunga viatu, kifungo kikaruka kikagonga kioo. Kamanda mwenyewe alivaa shati akabaki mikono nje kama mtu anayetaka kukumbatia mti.

Sindano akaapa kwamba alipima vizuri. Nikataka kumkaripia. Nikageuka kutazama nyuma ya mlango, nikaiona futi yangu imening'inia juu ya koti badala ya chini. Ndiyo aliyowapimia!

Ningeweza kusema kweli. Wazo hilo lilinijia, likapita.

Badala yake nikakohoa, nikamwomba Kamanda akae. Nikamwambia pole. Nikamwambia mafundi huona mengi kabla ya madaktari. Nguo hizi zilikatwa kwa vipimo vya wiki iliyopita, na kama leo hazifai, basi vijana wake wamenenepa kwa wiki moja. Inchi mbili kila mmoja! Nikatikisa kichwa kwa huzuni.

Akauliza na urefu je. Nikasema mtu akinenepa makalio huinua suruali. Akauliza na mikono. Nikasema mabega nayo yakinenepa huvuta mikono ya shati kwenda juu.

Akaamini! Walinzi wote wakaanza kujishika matumbo na kutazamana kwa hofu. Nikajisikia vibaya kidogo, nikawamwagia hotuba yote ya daktari ili waondoke na kitu. Chumvi, soda, vya kukaanga, kukaa kutwa nzima, mishipa, moyo. Nilishangaa jinsi nilivyoikumbuka. Nikawaahidi kushusha pindo za miguu na mikono bure. Viuno, nikasema, hivyo ni juu yenu.

Kamanda alinishika mkono kwa mikono miwili. Eti nimewaokoa.

Jumapili, 23 Machi

Kwa kuwa maendeleo lazima yaendelee, jana niliongeza kipande kingine cha inchi moja. Leo: arobaini na mbili.

Mke wangu akanikumbatia tena. Tena akachelewa. Safari hii macho yake yalikuwa na maji. Nikamwambia asilie, bado nitapungua zaidi. Akasema anajua.

Alhamisi, 27 Machi

Siamini ninayoyaona dirishani.

Kabla jua halijachomoza sawasawa walinzi wote walikuwa barabarani wanakimbia, Kamanda mbele na filimbi, Sindano wangu katikati yao anacheka meno yote nje. Wameacha soda. Wameacha kukaa kwenye viti vya getini, wanazunguka jengo kwa zamu. Mmoja wao, jitu la miraba minne, alipita hapa akanionyesha chungwa kwa fahari, kama mtoto aliyepata jino jipya.

Mchana Kamanda akaja kunialika nikazungumze na vijana uani kwao, niwaongezee maarifa. Nilikwenda. Nilisimama mbele yao nikasema moyo ni msuli, usipotumikishwa unalegea. Nikasema mboga nusu ya sahani. Nikasema usingizi wa kutosha, sigara ni adui, presha haina dalili mpaka siku inapoamua kuwa nayo. Wakapiga makofi. Mmoja akauliza mimi mwenyewe nafanya mazoezi gani, maana kwa macho haijaonekana. Nikasema mabadiliko yangu yanaanzia ndani.

Nilirudi nimechoka kwa kusema. Mama Chipsi akaniletea suruali mbili.

Alikuwa amenuna. Eti kuna mshenzi gani sijui amewajaza walinzi maneno, karai lake linalala na njaa. Nikasema dunia imeharibika.

Jumamosi, 5 Aprili

Siku ya maombolezo.

Mama Chipsi amegeuza kazi. Ameondoa karai. Mahali pake ameweka meza yenye kitambaa cheupe, na juu yake mapapai, matikiti, ndizi, na mahindi ya kuchemsha. Walinzi wamejipanga mstari. Anacheka! Amenipa hata shukrani: aliingia dukani, safari hii bila suruali, akasema amejua kwamba yule mshenzi ni mimi, na Mungu anibariki, kwa sababu matunda hayamuunguzi mikono na yanauzika kuliko viazi.

Nikamwuliza kwa sauti ya chini, na sisi wa zamani je? Akanihurumia. Akasema nyumbani kwake bado ana mafuta ya mwisho ya kumalizia, atanikaangia mimi peke yangu, siku chache tu, mpaka dumu liishe.

Kwa hiyo sasa dumu lote la mafuta la mtaa huu linaingia kwa mtu mmoja. Najitahidi.

Kifua kinanibana kidogo nikipanda kitandani. Ni gesi. Mapapai yananukia mpaka ndani.

Jumatano, 9 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Kamanda aliwaleta walinzi kujaribu sare tena. Zikawatosha! Karibu wote! Nguo zile zile nilizozikata vibaya, vifungo vyote vimeingia matunduni, wamesimama wamenyooka kama mishumaa. Mmoja suruali inamlegea, akaniomba niipunguze. Kamanda akasema hajawahi kuona fundi anayemshonea mtu si mwili alio nao bali mwili anaostahili kuwa nao. Sindano akaduwaa. Mke wangu, aliyekuwa ameniletea majani yangu ya mchana, akanitazama.

Kamanda akaomba makoti ya walinzi wa zamu ya mchana yapelekwe ofisini kwao, ghorofa ya tatu. Wakati huo Sindano alikuwa ameshatoka kununua uzi. Lifti mbovu. Nikasema mbele ya watu wote, mimi nitapeleka, ngazi ni mazoezi. Kichwa kilikuwa kimevimba, nakiri. Na tumboni nilikuwa na karibu robo ya dumu.

Ghorofa ya kwanza nilipanda kwa heshima. Ya pili nilishika ukuta. Halafu mtu akaniwekea cherehani kifuani. Zima, pamoja na meza yake. Mkono wa kushoto ukawa mzito, jasho la baridi likanitoka, makoti yakaanguka, na mimi nikayafuata. Nilikuwa nimelala kwenye ngazi natazama taa ya dari, na nikamwona kaka. Si mzimu. Nilimkumbuka tu, amelalia cherehani, na mguu wake bado uko kwenye pedali. Niliogopa. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote.

Nikasikia filimbi. Walinzi wanne walishuka mbio, wakaninyanyua kama kabati, wakateremka nami ngazi zote bila kuhema. Bila kuhema! Lile jitu la chungwa lilikuwa limeshika miguu yangu. Likaniambia njiani nisijali, mwezi uliopita wasingeweza kunibeba hata hatua mbili, ni ushauri wangu uliowapa nguvu.

Walinipeleka mbio mpaka hospitali. Nilikuwa naomba tu nisife nikiwa nadaiwa maelezo.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimeruhusiwa kurudi nyumbani. Moyo haujapasuka. Daktari, yule yule binti, amesema ulikuwa unalia kwa kukosa damu ya kutosha, na nikiendelea hivi hautalia mara ya pili, utanyamaza. Kanipa vidonge vya kila siku. Kanipima. Arobaini na sita. Nikamshauri abadilishe futi, za hospitali husinyaa. Mke wangu akatoka nje ya chumba.

Nyumbani alinikalisha kitandani. Sindano alikuwa mlangoni, ameshika futi yangu. Ameikuta. Akaihesabu kwa sauti mbele yangu, moja mpaka kumi na nne, kumi na tatu, kumi na nne, kumi na nne. Niliudhika zaidi kwa kuwa kipande cha pili nilikishona kwa haraka na kweli hakikukaa vizuri.

Nikamgeukia mke wangu nimweleze. Akasema hana haja, alijua tangu Jumapili ile ya kwanza ya kupungua.

Nikauliza alijuaje, mshono ule haukuonekana.

Akasema hakutazama mshono. Tulipooana alikuwa akinikumbatia na vidole vyake vinakutana nyuma ya mgongo wangu, anavifunga. Miaka ikapita, vikawa vinagusana ncha tu. Kisha vikaachana. Jumapili ile futi iliposema nimepungua alinikumbatia ahakikishe, akakuta pengo liko pale pale. Jumapili iliyofuata pengo lilikuwa limeongezeka. Alinyamaza akidhani nitaona haya nikasema mwenyewe. Alikuwa ananisubiri. Halafu akanionyesha kwa mikono pengo lilivyo sasa, upana wa kiganja na zaidi, na akashindwa kuendelea. Akalia. Akasema hataki picha ya pili ukutani.

Sindano naye akafuta macho kwa futi yangu.

Niliona haya. Mimi! Nikamshika mkono tu. Nikaapa kwamba yamekwisha, na wakati naapa nilimaanisha kila neno.

Jumatatu, 14 Aprili

Siku ya hukumu, ingawa daktari alikuwa ameshamaliza kazi yake mapema.

Kiti kimeondoka. Sindano amekikalia, amezama kwenye mto mpaka mabega, anashona mikono ikiwa juu kama anayeogelea. Mimi nimepewa begi la nguo na orodha ya nyumba. Polepole, mwendo wa mgonjwa, daktari ameruhusu. Mke wangu hutembea nami. Leo alinishika mkono mpaka kule kona na kurudi, akanisimulia habari za majirani ambazo sikuwa nazijua kwa kuwa nilikuwa nimekaa. Tulicheka. Mama Chipsi akatupa kipande cha papai kila mmoja. Si kibaya. Kina maji maji, lakini si kibaya.

Futi zote za duka zimechunguzwa na Sindano. Ile yangu imechomwa. Mke wangu ametangaza kipimo kipya: kila Jumapili atanikumbatia, basi. Siku vidole vyake vitakapokutana tena nyuma ya mgongo wangu, nitarudishiwa kiti. Alisema hivyo akitabasamu, na nikaona kwamba hakuna kitu anachokitaka duniani kuliko vidole hivyo kukutana.

Nimelifikiria sana jambo hili. Mwanamke kama huyu hastahili kusubiri.

Jumanne, 15 Aprili

Nimepata dawa!

Nilikuwa nafikiri vibaya. Kwa nini nilihangaika na futi? Nimeshona mkanda mpana wa turubai, tabaka tatu, wenye kulabu za chuma nyuma na kamba za kukazia pembeni. Unavaliwa ndani ya shati, hauonekani. Nimeupitisha kuanzia kifuani mpaka nyongani. Nikikaza kamba, tumbo linaondoka. Sijui linakwenda wapi, halijaniambia. Mshono ni mzuri kuliko wote niliowahi kushona, nasikitika kwamba hakuna atakayeuona.

Jumapili vidole vyake vitakutana. Nimepima kwa kamba, urefu wa mikono yake naujua, nimemshonea blauzi miaka yote hii. Atavifunga kama zamani. Atalia kwa furaha. Kiti kitarudi, na mto wake nimeshaupanua kidogo kwa pembeni, kwa maandalizi. Mama Chipsi nilimwona leo, akadokeza kwamba dumu bado lina mabaki.

Kasoro ni moja tu. Nikishafunga kulabu zote, siwezi kuvuta pumzi. Si neno. Kumbatio ni jambo la muda mfupi.

La mke wangu huchelewa kidogo. Nitajikaza.